BEI YA UMEME WA JUA LA JIONI

Mwaka 1913, katika kitongoji cha Maadi karibu na Cairo, mhandisi wa Kimarekani aitwaye Frank Shuman aliwaita wakubwa wa utawala wa Kiingereza waje kutazama mtambo wake. Vioo vitano virefu, kila kimoja kikiwa na umbo la hori la kunyweshea ng'ombe, viliikusanya mionzi ya jua juu ya bomba. Maji yakageuka mvuke, mvuke ukaendesha injini, na injini ikayavuta maji ya Mto Nile kwenda mashambani. Mwaka uliofuata vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Baada ya vita mafuta ya petroli yakawa rahisi, na mtambo wa Maadi ukasahauliwa.

Nimeanza na habari hii kwa kusudi. Wako wenzetu maofisini wanaodhani kwamba umeme utokanao na joto la jua ni mchezo mpya wa mataifa tajiri. La hasha. Mfano wake mkubwa wa mwanzo ulisimama katika ardhi ya Afrika, na haukuangushwa na ukosefu wa jua wala wa ujuzi, bali na bei ya mafuta. Tangu siku hiyo hadi leo, ukichunguza kila mahali ambapo umeme huu umestawi au umekufa, utakuta kwamba neno la mwisho lilikuwa ni la bei.

Inafaa kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Paneli tunazoziona juu ya mapaa ya zahanati na shule zetu huugeuza mwanga kuwa umeme moja kwa moja, na jua likitua kazi yake imekwisha, isipokuwa kama kuna betri. Mtambo wa joto la jua hufanya kazi kwa njia nyingine. Vioo maelfu kwa maelfu hulifuata jua tangu asubuhi, vikiielekeza mionzi kwenye mabomba yenye mafuta maalumu au kwenye kilele cha mnara. Joto hilo huchemsha maji, na mvuke huzungusha turbini kama ilivyo katika mtambo wowote wa makaa ya mawe. Faida yake kubwa ni kwamba joto laweza kuwekwa akiba katika matangi makubwa ya chumvi iliyoyeyushwa. Mtambo wa Gemasolar huko Hispania, uliofunguliwa mwaka 2011, una akiba ya kuendesha turbini kwa saa 15 bila jua. Walimu wa fizikia watanisamehe kwa kurahisisha mno.

Basi hapo ndipo suala la haki linapoanza. Uniti moja ya umeme saa saba mchana na uniti moja saa mbili usiku si kitu kimoja, ijapokuwa mita huzihesabu sawa. Saa mbili usiku viwanda vya zamu vinaendelea, kila nyumba imewasha taa, mama anapika, mtoto anajisomea, na mwalimu anasahihisha madaftari. Ikiwa Serikali itanunua umeme kwa bei moja mchana na usiku, mwenye mtambo hatakuwa na sababu ya kugharimia matangi ya chumvi. Atauza mchana, wakati umeme ni mwingi, halafu jioni atatuachia giza letu.

Afrika ya Kusini iliyaona hayo kwa vitendo. Mwaka 2009 mamlaka yake ya kusimamia nishati ilitangaza bei maalumu ya randi 2.10 kwa uniti kwa umeme wa joto la jua. Kabla bei hiyo haijatumika, mwaka 2011 nchi iliugeukia mfumo wa zabuni, ambamo makampuni hushindana na mwenye bei nafuu hupewa mkataba wa miaka 20. Mtambo wa KaXu karibu na mji mdogo wa Pofadder, wenye megawati 100, ukaanza kazi mwaka 2015. Shirika la umma la maendeleo ya viwanda lilichukua hisa, na asilimia 20 ikawekwa katika mfuko wa wananchi wa eneo lile. Hapo ni jimbo la Northern Cape, nchi kavu yenye anga safi, ambamo mji wa Upington hupata takriban kilowati-saa 2,800 za mionzi ya moja kwa moja kwa kila mita ya mraba kwa mwaka.

Katika zabuni ya mwaka 2013 waliongeza kanuni ambayo naona ni ya busara kuliko zote. Umeme utakaoletwa kati ya saa kumi na nusu alasiri na saa tatu na nusu usiku ulipwe asilimia 270 ya bei ya msingi. Utakaoletwa baada ya saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri usilipwe kitu. Hakuna hotuba iliyotolewa, hakuna aliyelazimishwa, lakini makampuni yote yakaleta michoro yenye matangi. Mtambo wa Kathu ukajengwa ukiwa na akiba ya saa nne na nusu, na ule wa Redstone, uliounganishwa na gridi mwaka 2024, una akiba ya saa 12. Jumla ya mitambo saba ikafikia megawati 600. Katika nchi ambayo wananchi wake waliteswa na mgawo wa umeme kwa miaka mingi, na mwaka 2023 ukawa mbaya kupita yote, megawati 600 za jioni si haba.

Wenzetu wa Hispania walianza vizuri wakaishia vibaya, nasi tunapaswa kusoma habari zao kwa makini kuliko za wale waliofaulu. Kwa amri ya mwaka 2007 serikali yao iliahidi takriban senti 27 za euro kwa kila uniti ya umeme wa joto la jua. Kufikia mwaka 2013 mitambo ipatayo 50 ilikuwa imejengwa, yenye jumla ya megawati 2,300 hivi, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofikia kiasi hicho wakati huo. Lakini serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwauzia wananchi umeme wa kila aina kwa bei iliyo chini ya gharama, na pengo likaandikwa vitabuni kama deni mwaka hadi mwaka, hadi likapita euro bilioni 25. Si haki kulibebesha jua deni lote hilo, kwani lilikuwa na vyanzo vingi. Hata hivyo mwaka 2013 serikali ilifuta bei iliyoahidiwa, hata kwa mitambo iliyokwisha kujengwa. Wawekezaji wa kigeni wakakimbilia mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa, nayo yakaihukumu Hispania katika kesi nyingi. Wakulima wadogo wa Kihispania waliokopa ili waweke paneli hawakuwa na mabaraza hayo ya kukimbilia.

Kosa la Hispania halikuwa kuahidi bei kubwa tu. Ilimwahidi mzalishaji bei kubwa, ikamwahidi mnunuzi bei ndogo, na haikumwambia mtu yeyote nani atalipa tofauti.

Moroko iliulizwa swali hilo hilo ikalijibu mapema. Nchi hiyo ilikuwa ikiagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake. Mwaka 2010 ikaunda shirika la umma liitwalo MASEN, na mwezi Februari 2016 mtambo wa kwanza wa Noor, wenye megawati 160, ukazinduliwa karibu na Ouarzazate. MASEN hununua umeme kutoka kwa mwenye mtambo kwa bei ya mkataba, ambayo kwa Noor ya kwanza ilikuwa dirhamu 1.62 kwa uniti, kisha huuza kwa shirika la taifa la umeme kwa bei ya kawaida iliyo chini. Pengo hulipwa na Serikali, na linajulikana. Mwananchi wa milimani aliyeunganishwa juzi haongezewi senti kwenye ankara yake kwa ajili ya vioo vya jangwani.

Mwaka 2024 tangi la chumvi la Noor ya tatu lilivuja, na mtambo ukasimama kwa miezi. Kampuni inayouendesha ndiyo iliyotangaza hasara, kwa kuwa ilikuwa inalipwa kwa umeme unaofika kwenye waya. Sisi Watanzania tunaijua njia ya pili. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995, wa mtambo wa mafuta wa megawati 100 pale Tegeta, ulitufundisha maana ya malipo ya uwezo, yaani kulipa kila mwezi hata mtambo ukiwa umelala. Wale waliokuwa watumishi wa Serikali miaka ile hawahitaji kukumbushwa. Ikiwa siku moja tutaandika mkataba wa umeme wa joto la jua, kifungu hicho kisomwe mara tatu kabla ya kalamu kushuka.

Liko jambo jingine ambalo ni la ndani zaidi, na ndilo linaloamua bei kuliko vioo vyenyewe. Mtambo wa jua haununui mafuta. Karibu gharama yake yote ni fedha za ujenzi, na fedha hizo ni za mkopo. Kwa hiyo anayepanga riba ndiye anayepanga bei. Mwaka 2017 Dubai ilipata bei ya senti 7.3 za dola kwa uniti kwa mitambo ya megawati 700, nusu ya bei za miaka michache tu kabla ya hapo. Mkataba wake ulikuwa wa miaka 35, na mkopaji alikuwa ni tajiri anayeaminika. Jua la Dubai, lenye vumbi na ukungu wa bahari, si bora kuliko la Upington. Moroko nayo ilipunguza bei kwa mikopo nafuu ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia na nchi za Ulaya. Ofisa anayekwenda kujadiliana na mwekezaji akiwa ameisoma michoro ya vioo lakini hakuisoma karatasi ya mkopo, amekwenda mikono mitupu.

Nitaulizwa: ya nini yote haya, na paneli pamoja na betri zimekuwa rahisi mno? Swali ni la haki. Afrika ya Kusini yenyewe, katika mpango wake wa umeme wa mwaka 2019, haikutenga mitambo mipya ya aina hii zaidi ya ile iliyokwisha kupewa mikataba. Kwa saa mbili au nne za jioni, betri huenda ikashinda. Kwa usiku mzima, na kwa viwanda vinavyohitaji joto lenyewe, shindano halijaisha. Ndiyo maana napendelea zabuni isiyotaja kifaa. Serikali itangaze kwamba inanunua umeme wa saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, kwa kiasi fulani, kwa miaka fulani. Mwenye vioo aje, mwenye betri aje, na hesabu iamue hadharani.

Kwetu, bwawa la Julius Nyerere, lililopangwa kuwa na megawati 2,115 na kuanza kuzalisha mwaka 2024, limetupa nafasi ya kupumua. Lakini tunakumbuka mgawo wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2022, mvua zilipokosekana. Ukame unapoyashusha maji ya mabwawa, jua huwa kali zaidi. Vyanzo hivi viwili huachiana zamu.

Wala isisahauliwe kwamba agizo la bei la mwaka 2016 lilimwekea mtumiaji mdogo shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Umeme wowote mpya, wa jua au wa gesi, ukija na gharama zake, ngazi hiyo isiguswe. Pengo liandikwe katika bajeti ya Serikali, lisomwe Bungeni kwa jina lake na kwa kiasi chake.

Kabla ya hayo yote iko kazi isiyohitaji mwekezaji wala mkopo. Mitambo hii hudai mionzi ya moja kwa moja. Anga lenye mawingu membamba, ambalo paneli hulivumilia, huviacha vioo bila kazi. Pwani yetu haifai. Kanda ya kati huenda ikafaa, lakini huenda si neno la kuwekea mkataba wa miaka 20. Vipimo vichukuliwe ardhini, kila saa, kwa miaka mitatu, chini ya uangalizi wa idara yetu ya hali ya hewa, na walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu washirikishwe. Anayekuja kutuuzia mtambo atakuja na vipimo vyake mwenyewe mkobani. Tuwe na vyetu.