Siku Tisini Zisizokwisha

Visa ya kawaida ya Tanzania humgharimu mgeni wa mataifa mengi dola 50 za Marekani, na humruhusu kukaa nchini siku zisizozidi 90. Siku hizo zikikaribia kwisha, asiyetaka kuondoka hupanda basi katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, akavuka Namanga au Horohoro, akalala usiku mmoja Nairobi au Mombasa, kisha akarejea na visa mpya aliyoiomba kwa mtandao. Akigongewa muhuri, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Kwa Uhamiaji ni mtalii aliyeingia leo. Mtaani, Mikocheni au Chang'ombe, ni mpangaji yule yule ambaye bodaboda wa kijiweni wanamjua kwa jina. Wapo wanaotaka watu wa namna hii wasakwe mmoja mmoja, na wapo wanaosema waachwe maadamu wanalipa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombana pembeni ya jambo lenyewe. Tunahesabu ziara, ilhali kinachotofautisha mgeni na mkaazi ni siku. Tusipoweka ukomo wa jumla ya siku ambazo mtu anaweza kukaa kama mtalii ndani ya mwaka, misako itaendelea kuwakosa wanaotafutwa na kuwapata wasiohusika.

Tuanze na sheria, maana mtaani mambo mawili huchanganywa. Visa ni ruhusa ya kufika mlangoni. Anayeamua kama utaingia, na kwa muda gani, ni afisa wa Uhamiaji aliye mpakani, kwa mamlaka anayopewa na Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, ya mwaka 1995. Kutoka na kuingia tena, kwa hiyo, peke yake si kosa la jinai. Masharti ya visa yanayotangazwa kwa waombaji hutaja ukomo wa ziara moja moja. Tena serikali yenyewe huuza visa ya kuingia mara nyingi kwa dola 100, inayodumu miezi 12, kwa sharti kwamba kila ukaaji usizidi miezi mitatu. Raia wa Marekani ndiyo hiyo tu wanayouziwa kwa ziara ya kawaida. Mwenye visa hiyo akitoka mara tatu kwa mwaka, kila mara kwa siku moja au mbili, atakuwa ameishi Dar es Salaam karibu mwaka mzima bila kuvunja sharti hata moja lililoandikwa. (Kwenda Zanzibar kwa boti, tuliseme maana wapo wanaodanganyana, si kutoka nchini; uhamiaji ni jambo la Muungano na siku zinaendelea kuhesabiwa.) Kosa linaanza pale anapofanya kazi au biashara, kwa sababu hapo anahitaji kibali cha ukaazi, daraja A kwa mwekezaji na mfanyabiashara, daraja B kwa mwajiriwa, pamoja na kibali cha kazi chini ya sheria ya ajira kwa wageni ya mwaka 2015.

Sasa tazama bei, kwani bei inaeleza mengi kuliko hotuba. Mtu anayekuja kwa shughuli fupi ya kibiashara anatakiwa kulipa dola 250 kwa visa ya biashara ya siku 90. Visa nne za kawaida, za kumtosha mwaka, ni dola 200. Yaani anayedanganya kwa mwaka mzima analipa kidogo kuliko anayesema kweli kwa miezi mitatu, na hata ukiongeza nauli ya basi utakuta tofauti haimtishi mtu mwenye kontena bandarini. Kibali cha ukaazi na kibali cha kazi kwa pamoja hupanda hadi maelfu ya dola, na huambatana na nyaraka za kampuni, kodi, mkataba na subira ndefu katika madirisha ya Uhamiaji, Kurasini. Mfanyabiashara yeyote, awe wa Guangzhou au wa Mbagala, ataifanya hesabu hiyo kabla ya kifungua kinywa. Tumejenga utaratibu unaompa punguzo mwongo, halafu tunashangaa uongo unavyoongezeka.

Malalamiko makubwa yametoka Kariakoo, iliyo Ilala, ambako wafanyabiashara wa Kitanzania wamelalamika kwa miaka kwamba wageni, hasa Wachina, wameacha kuuza jumla na kuingia kwenye fremu za rejareja. Mwanzoni mwa 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara, chini ya Waziri Selemani Jafo, iliunda kamati ya kuchunguza jambo hilo, na tarehe 28 Julai mwaka huo ikatoka Amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15: uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali wa nyumba, uongozaji watalii, ununuzi wa mazao shambani na nyinginezo. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa visa au kibali. Raia anayemsaidia anakabiliwa na faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Kipengele hiki cha mwisho ndicho chenye akili zaidi katika Amri nzima. Leseni nyingi zenye utata zina jina la Mtanzania, na Mtanzania huyo kazi yake ni kutia sahihi na kupokea chake mwisho wa mwezi.

Ila Amri hiyo inakamata kazi, haikamati ukaaji. Mkaguzi lazima amkute mgeni nyuma ya kaunta, athibitishe kwamba anauza badala ya kununua, na kwamba duka ni lake. Mgeni hodari hakai kaunta. Anaye kijana wa Kitanzania dukani, yeye yuko godauni la Chang'ombe au Keko akisimamia mzigo, na usiku analala Msasani, Kunduchi au Mbezi Beach katika nyumba aliyotafutiwa na dalali. Ndiyo sababu suala hili ni la Kinondoni na Temeke kuliko linavyoonekana: Kariakoo inaona biashara, wilaya hizi zinaona maisha. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua nani amehamia na nani ana mwaka wa pili. Mwenye nyumba anajua zaidi, lakini hana haraka ya kusema, kwa kuwa mpangaji mgeni hulipa vizuri, na wapo wamiliki ambao bado wangependa kodi kwa dola hata baada ya kanuni za Machi 2025 kupiga marufuku malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Ujuzi wote huo hauna pa kwenda, kwa sababu hata mwenyekiti akitoa taarifa, pasipoti ya mpangaji ina muhuri halali wa wiki iliyopita.

Lakini wanaotoka na kuingia si wafanyabiashara peke yao, na hapo ndipo hoja ya misako inaposhindwa. Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Mzaliwa wa Temeke aliyechukua pasipoti ya Uingereza au Kanada anarudi nyumbani kwa visa ile ile ya mtalii anayekwenda kuona nyumbu Serengeti. Akija kumuuguza mzazi kwa miezi mitano, lazima mahali fulani katikati avuke mpaka na kurudi. Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa kufungua njia ya hadhi maalumu kwa diaspora, nalo ni jambo jema lililochelewa sana. Wako pia wanaofanya kazi kwa kompyuta kwa waajiri walio Berlin au Toronto, wakilipwa huko na kutumia fedha hapa. Wako wanaojitolea shuleni na zahanati, ambao wanastahili kibali cha daraja C ila taasisi zinazowaalika huwaambia waje tu na visa ya utalii. Wako wastaafu wanaoipenda Kigamboni. Hakuna kati yao anayemnyang'anya machinga wateja. Kuwaweka kapu moja na mwenye godauni ni uvivu wa kutunga sera.

Watu wa utalii watasema ukomo wa siku utawatisha wageni. Wasiwasi wao una uzito: nchi ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895 mwaka 2024, kutoka 1,808,205 mwaka uliotangulia, na hakuna waziri wa fedha atakayechezea sekta hiyo. Hebu tumfuate mtalii mwenyewe. Kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame ni siku 6 au 7. Serengeti na Ngorongoro ni siku 4 au 5. Mpe wiki mbili za kuota jua Nungwi na Paje, mpe na siku mbili za kuzunguka Bagamoyo, mwezi haujaisha. Ukomo ninaoupendekeza, wa siku 180 ndani ya miezi 12 yoyote, hautamgusa huyu, hata akipenda kurudi mara mbili mwaka huo huo. Hautaigusa hoteli, wala kampuni ya safari, wala mpagazi wa mlimani. Utamgusa yule tu ambaye makazi yake ni hapa, na huyo tunamtaka aseme anafanya nini.

Pingamizi zito zaidi ni la ujirani. Amri ya Julai 2025 ilipotoka, Kenya ililalamika kwamba inakwenda kinyume na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, na malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Ukomo wa siku za utalii una faida kwamba hauhitaji kuanzisha ugomvi huo tena. Raia wa nchi wanachama kwa kawaida haji kwa visa ya utalii. Huingia bila malipo na kupewa muda wa hadi miezi sita chini ya itifaki hiyo, na mambo yake yaendelee kushughulikiwa huko. Halafu kuna sisi wenyewe tulioko nje. Vijana wa Kitanzania wameingia Dubai kwa visa ya matembezi wakitafuta kazi, na wageni wengi huko kwa miaka walikuwa wakivuka kwenda Buraimi, Oman, au kuruka hadi kisiwa cha Kish, Iran, ili warudi na visa mpya. Oman nayo ilisimamisha mwishoni mwa Oktoba 2023 utaratibu wa kubadili visa ya matembezi kuwa ya kazi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: hatuwezi kudai wenzetu wawe na kanuni zinazosomeka, huku sisi tukimwachia mgeni wetu abahatishe afisa atakayemkuta zamu.

Na kanuni zinazosomeka zipo, hazihitaji kubuniwa. Nchi za Schengen huhesabu siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 zimeanza kuingiza hesabu hiyo kwenye mfumo wa kielektroniki mipakani. Thailand, iliyochoshwa na watu wa kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, mwishoni mwa 2016 iliamua kuruhusu kuingia bila visa kwa njia ya nchi kavu mara mbili tu kwa mwaka. Uingereza haina namba ila kanuni zake zinasema wazi kwamba mgeni haruhusiwi kuishi nchini kwa ziara za kufuatana. Kati ya mifano hii mitatu, wa Uingereza ndio ninaouogopa kwetu, maana unamwachia afisa nafasi pana ya kupima nia ya mtu. Pale ambapo sheria haina namba, afisa ndiye anakuwa namba, na msafiri mwenye mihuri mingi anajifunza upesi kwamba mazungumzo yanaweza kufupishwa kwa noti ndani ya pasipoti. Ukomo ulioandikwa unamlinda pia afisa mwaminifu: hahitaji kukisia, anasoma.

Vifaa tunavyo. Uhamiaji Mtandao ulizinduliwa Januari 2018, visa za mtandao zikafuata mwishoni mwa mwaka huo, na kila anayeingia na kutoka anaacha kumbukumbu. Kujumlisha siku ni kazi ya programu, si ya mgambo. Kinachotakiwa kwenda sambamba ni mlango wa pili. Anayefikia siku 180 apewe njia ya haki ya kuendelea kukaa: kibali chepesi cha mwaka mmoja kwa asiyeshindana na raia katika ajira wala biashara, kama Mauritius ilivyofanya mwaka 2020 kwa wanaofanya kazi za mbali, kibali cha kujitolea kinachotoka kwa wiki badala ya miezi, na bei ya visa ya biashara iliyopangwa ili ukweli usiwe ghali kuliko uongo. Anayekataliwa aandikiwe sababu. Tukifunga mlango wa kwanza bila kufungua wa pili, tutarudi kwenye operesheni, na operesheni tunazijua. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, kule Kagera, Kigoma na Geita, iliondoa maelfu ya watu, wakiwamo walioishi vijijini humo miongo kadhaa, huku familia zikiachwa nusu upande huu na nusu ng'ambo. Dar es Salaam haihitaji onjo la hayo.

Kanuni chini ya Sheria ya Uhamiaji hutungwa na waziri mwenye dhamana; hazingoji muswada bungeni. Waziri wa Mambo ya Ndani aandike humo namba ya siku, aitangaze miezi sita kabla ya kuanza kutumika ili walioko nchini wajipange, na bei za visa zirekebishwe katika bajeti inayofuata.