Mashariki mwa DRC: Msomaji asibaki na kitabu chake peke yake

Kuna neno linalorudiliwa kila mara Goma, Bukavu, Uvira, Kindu na hata Lubumbashi: kwamba Mkongomani hapendi kusoma, na anayetaka kumficha kitu akitie ndani ya kitabu. Wazazi wanalisema, walimu wanalisema, na vijana wenyewe wanalichekelea.

Neno hilo si la kweli. Anayelisema apite kwenye meza za vitabu vya okazyo kando ya barabara, aone watu wanaosimama pale wakisoma kurasa mbili tatu bila kununua. Aingie pale wanapofanya foto kopi, aone riwaya nzima ikitolewa kurasa kwa kurasa na kushonwa upya. Aangalie simu za wanafunzi, zimejaa vitabu vilivyotumwa kwa WhatsApp usiku. Wasomaji wapo. Ni mazungumzo yao ndiyo yanayokosekana. Watu wawili wanaweza kukaa miaka mitatu kwenye avenyu moja, kila mmoja na kitabu kilekile chini ya mto wake, bila mmoja kujua habari ya mwenzake. Habari za mpira, za muziki na za siasa zinatoka nje kila asubuhi. Habari ya kitabu inabaki chumbani.

Sababu moja ni lugha. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini lugha ya kazi za serikali ni Kifaransa, na vitabu vingi vinavyopatikana mashariki ni vya Kifaransa. Basi mtu anasoma kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili. Akifunga kitabu, anafunga pia lugha yake. Mama yake anayeuza sokoni, kaka yake aliyeacha shule, jirani anayeendesha pikipiki, wote hawatajua kilichomo. Msomaji anaona aibu kukisimulia kwa Kiswahili, kana kwamba atakipunguzia heshima.

Mfano ni Congo Inc. ya In Koli Jean Bofane, iliyotoka mwaka 2014. Ni kitabu cha kijana Isookanga, anayetoka kijijini msituni kwenda Kinshasa akiwa na ndoto ya kuwa mtu wa utandawazi, kwa sababu tu ya mchezo alioucheza kwenye kompyuta. Huko anaishi na mashege, ambao Goma na Bukavu wanaitwa maibobo. Kati yao kuna msichana aliyetoka Kivu baada ya jamaa yake kuuawa. Kuna pia mkubwa wa zamani wa vita, sasa amevaa suti na kukaa ofisini. Je, hiyo ni habari ya kumwelezea mkaaji wa Goma kwa Kifaransa peke yake? Msomaji akiisimulia jioni kwa Kiswahili, kila mtu kwenye duara atakuwa na la kusema, na huenda wengine watasema mwandishi amechekesha mahali pasipostahili kicheko. Ubishi wa namna hiyo ndio uhai wa kitabu.

Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, ni ngumu zaidi kusimulia. Mambo mengi yanatokea ndani ya baa moja, katika mji wa madini usiotajwa jina, na nguvu yake iko katika sauti kuliko katika kisa. Anayeipenda afadhali asome kurasa chache kwa sauti kisha aeleze. Na ambaye hakuimaliza aseme hakuimaliza. Wako wengi wanaotembea na vitabu vya Mudimbe mkononi, yule mwana wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, lakini wakiulizwa sura ya pili inasema nini, wanabadilisha mazungumzo. Kusema ukweli juu ya kitabu kilichomshinda mtu kunawasaidia wenzake kuliko foto ya jalada.

Tena si kweli kwamba Kiswahili hakina vitabu vinavyogusa mashariki. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Maniema imo humo pamoja na damu yake. Ni kitabu cha kusoma kwa hasira, maana anasimulia vita vyake kama mtu anayehesabu mizigo, na wababu wa watu wa Kasongo ndio waliobeba mizigo hiyo. Pembeni yake msomaji anaweza kuweka riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwenye Tuzo ya Nobel ya 2021, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Humo msafara wa wafanyabiashara wa pwani unavuka ziwa kuja upande wa magharibi, ukionwa kwa macho ya kijana aliyetolewa na baba yake kwa ajili ya deni. Na Lubumbashi, mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha palepale, kwa niaba ya waliowahi kuwa maboi katika nyumba za Wazungu. Hakungoja Kiswahili chake kisahihishwe na mtu. Ni wanafunzi wangapi wa Haut-Katanga wamewahi kukisikia kikitajwa darasani?

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Benki zilifungwa, watu walikimbia, na anayekimbia hachukui vitabu, anachukua watoto na godoro. Riwaya mpya kutoka Paris ilikuwa tayari ghali kwa mwalimu anayelipwa kwa franka. Leo imekuwa ndoto. Basi nakala moja iliyobaki kwenye kartiye inapaswa kufanya kazi ya nakala ishirini. Haitaifanya kama mwenyewe anaificha.

Wenye vitabu wana jibu lao: vikiazimwa havirudi. Wana haki. Kila mwenye vitabu anaweza kutaja jina la rafiki aliyepotea na kitabu, na mara nyingine urafiki ulipotea pamoja nacho. Lakini dawa yake haina gharama kubwa. Ni kaye moja, jina, tarehe, wiki tatu, na anayepoteza analeta kitabu kingine, hata kama si kilekile. Masharti hayo yanasumbua kidogo, lakini yanasumbua chini ya kufuli.

Kuhusu faili za WhatsApp, hapo pana neno gumu. Mwandishi Mkongomani hapati chochote kitabu chake kikizunguka kwenye simu elfu moja, na wanaolia kwamba inchi haina waandishi ndio hao wanaotuma faili. Watu kumi wakichanga kununua nakala moja ya karatasi, wakapokezana, mwandishi anapata angalau kidogo, na wale kumi wanapata sababu ya kukutana.

Kukutana huko hakuhitaji ukumbi wala mgeni wa heshima. Baada ya misa au ibada, kwenye kiwanja cha shule, chini ya baraza mvua ikinyesha, mmoja anaulizwa: unasoma nini sasa? Anajibu kwa Kiswahili, anapewa dakika kumi, kisha anayetaka kitabu anaandika jina lake kwenye kaye.