Ndege isiyo na rubani? Rubani ni wewe!

Najua nimekuwa kimya, kazi za gazetini zimenibana kweli kweli. Leo nimerudi na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Nianze na jina. Kwa Kiswahili droni tunaiita "ndege isiyo na rubani". Nasema hivi: jina hilo ni UONGO. Rubani yupo. Amesimama chini mchangani, rimoti mkononi, macho yamenasa kwenye kioo cha simu. Na kwa kuwa tumekwisha kusema hayupo, hakuna anayemuuliza kama amejifunza kurusha. Dereva wa daladala tunamdai leseni. Huyu mwenzetu je? Ana hela ya mashine, basi, mruhusuni apite juu ya vichwa vya watu!

Najua ninachosema, kwa sababu huyo mwenzetu ni mimi.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, ofisi ilinituma kwenye mashindano ya ngalawa. Mhariri alitaka "picha za juu". Nikakabidhiwa droni asubuhi ileile, na elimu yangu yote ilikuwa video tatu za YouTube nilizotazama usiku wake. Kusi ilikuwa inavuma. Nikairusha, ikafuata tanga baharini, picha safi kabisa. Kazi ikawa kuirudisha. Ilikuwa imenigeukia uso, na droni ikikugeukia uso, kushoto kwako ni kulia kwake. Nilitaka ikwepe mnazi kwa kupita kushoto, nikasukuma kijiti kushoto, ikaenda kulia, juu ya watu. Nikashtuka, nikasukuma zaidi. Ikagonga paa la makuti, ikaangukia meza ya mama muuza mihogo. Mwanawe wa miaka saba alikinga uso kwa mkono. Panga la plastiki likamchana. Nyuzi nne.

Mnajua watu walimpa nani pole? MIMI. "Ajali haina kinga, kaka." Ofisini wimbo ukawa uleule. Matibabu yakalipwa, sekunde 11 za tanga zikawekwa mtandaoni, zikasifiwa sana. Mkono wa mtoto haukuwamo kwenye habari. Mwandishi wa habari ile nilikuwa mimi, na sikuuandika.

Sasa leo nauandika. Ajali ile ILIKUWA na kinga, tena kinga ya bei rahisi. Nenda uwanja wa mpira usio na watu. Inua droni mita mbili, isimame palepale, igeuze ikutazame, uishikilie hapo hadi vidole viache kubabaika. Kisha chora mraba. Kisha chora namba nane, pua ya droni ikifuata njia. Huna uwanja? Zipo programu za kompyuta za kujifunzia, ukigonga mti humo unabonyeza kitufe unaanza upya. Wikiendi mbili tatu za kazi hiyo, na yule mtoto asingeshonwa.

Najua wajuaji mtasema, "Mshikaji, hayo ya zamani, mashine za siku hizi zina sensa, zinajiendesha zenyewe." Haya, tuzungumze sensa. Kwenye modeli nyingi, ukiweka modi ya kasi sensa za kukwepa vizuizi zinazimwa. Nyaya za umeme na vijiti vyembamba vya miti zinavikosa. Giza likiingia, kamera zake hazioni, kama wewe usivyoona. Ukirukia juu ya paa la zege lenye nondo, dira inachanganyikiwa. Katikati ya maghorofa GPS inadhoofika, droni inaanza kuchukuliwa na upepo, na hapo mashine inakurudishia wewe kazi yote. Vidole vyako viko wapi?

Na kile kitufe cha "rudi nyumbani" mnachokiamini kama mzimu wa babu? Kinapanda hadi urefu uliouweka wewe, kisha kinarudi. Umeweka mita 30 na nyuma kuna jengo la mita 50, shauri yako. Na "nyumbani" kwa kawaida ni pale iliporukia. Umerukia kwenye boti, boti imeshasogea, basi nyumbani ni baharini!

Wengine mtasema ni kidude tu. DJI Mavic 3 ina gramu 895, karibu kilo ya sukari. Iachie kutoka mita 30, tuseme hewa haiipunguzi mwendo, inafika chini kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Mtupie jirani yako kilo ya sukari kwa mwendo huo, halafu mwambie ni kidude.

Wala pesa haisaidii. Desemba 22, 2015, huko Madonna di Campiglio, Italia, droni ya kurekodi mashindano ya Kombe la Dunia la ski ilianguka hatua chache nyuma ya Marcel Hirscher akiwa anateleza. Hao walikuwa watu wa televisheni, si watoto wa mtaani. Shirikisho la mchezo huo likapiga marufuku droni za kamera kwenye mbio zake. Januari 2025, wakati Los Angeles inaungua, jamaa mmoja alirusha droni ili aone moto, ikaenda zaidi ya mita 2,500, akapoteza kuiona, ikatoboa bawa la ndege ya kuzimia moto iliyotoka Kanada. Ndege ile ikawekwa chini huku nyumba zinateketea. Ameiona picha yake? Sidhani.

"Basi tuombe vibali." Ombeni! Tanzania ina kanuni za TCAA tangu 2018, Kenya ina zake za 2020, zifuateni. Lakini karatasi haishiki kijiti. Nawajua wenye vibali wanaotetemeka droni ikiwageukia uso.

Na kwa ninyi mnaojali picha tu, nawapa habari njema: ujuzi ni uleule. Picha laini na safari salama ni kitu kimoja. Sukuma kijiti kama unamimina chai kwenye kikombe kilichojaa. Mwendo mmoja kwa wakati, usigeuze, usipande na usiinamishe kamera vyote pamoja. Anza kurekodi sekunde tano kabla, acha sekunde tano baadaye. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, weka shata 1/50, na kwa jua letu la saa saba utahitaji kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Nenda kwanza ukipingana na upepo ili urudi ukisukumwa nao, maana huko juu kusi ni kali kuliko unavyoisikia chini. Geuza betri ikiwa bado na asilimia 30. Usishuke wima kwa kasi, droni inaingia kwenye upepo wake yenyewe ikayumba na kudondoka. Shuka kwa mshazari.

Hatuwezi? Tunaweza. Kuanzia 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kurusha droni kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya ramani. Hawakuzaliwa na rimoti. WALIFUNDISHWA.

Kwa hiyo wahariri wangu, na bosi wangu akiwemo: msimkabidhi mtu droni asubuhi ya tukio. Bibi harusi, kabla ya kuuliza bei, muulize mpiga picha amerusha saa ngapi. Na wewe kijana uliyeinunua jana, nenda uwanjani kwanza.

Wiki moja baada ya tukio nilirudi pale ufukweni. Yule mama hakunifokea. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, kwani hukuwaona watu?"

Niliwaona, mama. Sikujua kuirusha.