Pikipiki Kuukuu Inapogoma Alfajiri

Juma hili tunayaweka kando mazungumzo ya malezi tuliyoyaanza, kwa kuwa imetufikia barua ambayo jibu lake halifai kungoja. Ameiandika mama mjane, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Githongo, kule Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya inakolimwa chai. Marehemu mumewe alimwachia pikipiki ya miaka mingi, na mwanawe mkubwa huiendesha kubeba abiria. Fedha nzuri hupatikana alfajiri, watu wanapowahi safari zao, na alfajiri ndipo pikipiki inapogoma. Kijana hupiga kiki mpaka mguu ukachoka, na abiria wakapanda ya mwengine. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akauza betri mpya. Wa tatu amesema silinda imelika, ifunguliwe ichongwe na kutiwa pistoni mpya. Mama anauliza kama auze bangili zake za dhahabu.

Twamjibu: asiuze bado. Tabibu haandiki dawa kabla ya kumuuliza mgonjwa maumivu huja saa ngapi, na kwa maelezo ya barua hakuna fundi hata mmoja aliyeuliza pikipiki inagoma wakati gani. Mama mwenyewe ametaja, kama jambo dogo tu, kwamba jua likishapanda huwaka kwa kiki moja na kupanda milima bila taabu. Kwetu sisi sentensi hiyo ndiyo yenye uzito katika barua nzima. Silinda iliyolika kwa kawaida huonyesha dalili nyingine pia: nguvu hupungua, moshi wa buluu hutoka, na oili hupungua bila kuvuja. Hayo hakuyataja.

Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Lazima iwe mvuke uliochanganyika na hewa. Penye baridi mvuke huwa haba, nayo Githongo mwezi wa Julai si Mombasa. Kwa ajili hiyo pikipiki ikapewa choki, ambayo huongeza petroli injini inapokuwa baridi. Sisi wa pwani tumeishi na joto hata wengi wetu hatujui kijiti chake kiko wapi. Katika pikipiki kuukuu waya wa choki hukatika au hukwama, na mtu akawa anavuta kijiti kisichofanya kazi yoyote. Kijana aanzie hapo, kwani kutazama hakuna gharama. Avute choki, apige kiki bila kuzungusha mkono wa mafuta, na injini ikishapata joto airudishe. Akiisahau, plagi itajaa masizi meusi na kesho yake shida itakuwa kubwa zaidi.

Choki ikiwa nzima, afungue plagi mara tu baada ya pikipiki kugoma, si mchana. Plagi iliyolowa petroli yaonyesha kwamba mafuta yanafika lakini huenda cheche ni dhaifu. Plagi kavu yaonyesha kwamba mafuta hayafiki. Cheche hutazamwa kwa kuirudisha plagi kwenye kofia yake, kuigusisha kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, kisha kupiga kiki. Inayotakiwa ni ya buluu na yenye nguvu. Jambo hili lifanywe nje, mbali na jiko, petroli isiwe imemwagika, na watoto wawe mbali.

Tunashuku hasa waya mnene wa plagi na kofia yake. Mpira ukizeeka hupasuka, na ukungu wa alfajiri ukiingia katika nyufa, umeme huvujia pembeni badala ya kufika kwenye plagi. Jua likikausha, ugonjwa hutoweka, na fundi anayeletewa pikipiki saa nne haoni kitu. Ama ile betri, pikipiki nyingi ndogo za zamani hupata umeme wa cheche kutoka kwenye injini yenyewe kiki inapopigwa. Huenda basi betri mpya imeinufaisha honi peke yake.

Plagi ikiwa kavu, tuelekee kwenye kabureta. Ndani yake mna jeti ndogo yenye tundu jembamba mno, na petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando unaoiziba. Isafishwe kwa dawa yake na upepo wa pampu, wala isichokolewe kwa waya, maana tundu likipanuka halirudi. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa nayo huwaka kwa shida penye baridi. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikithiri nchini hata mwaka 2018 serikali ikayatoza shilingi 18 kwa kila lita ili kuukomesha. Kijana ajaribu kununua kwenye kituo kingine kwa juma moja.

Yote yakishindikana, sasa ndipo silinda izungumzwe, na izungumzwe kwa kipimo. Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo hukifunga kwenye tundu la plagi, hupiga kiki na kusoma namba. Kisha humimina oili kiasi cha kijiko kidogo katika tundu lile na kupima tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda imelika, na fundi wa tatu atakuwa amesema kweli. Ikibaki ilipokuwa, tatizo huenda liko kwenye valvu. Katika injini kuukuu nafasi ya valvu huweza kupungua kwa kulika hata zikawa hazifungi sawasawa. Kuirekebisha ni kazi fupi, ya spana na kijipimo chembamba, injini ikiwa baridi.

Hatuwatuhumu mafundi, wengi wanaishi kwa uaminifu, na aliyebadilisha plagi hakudhulumu mtu. Lakini anayetaka kufungua injini ya mjane ana wajibu wa kumwonyesha namba zote mbili kwanza, na kumkabidhi kila chuma kikuukuu anachokitoa. Mama aziandike namba hizo na atuletee. Atuambie pia plagi ya alfajiri ilikuwa kavu au imelowa, nasi tutamjibu katika toleo lifuatalo, inshaallah.