Neno Chai ni la Nani?

Muhula uliopita palikuwa na mdahalo katika shule moja ya hapa Londiani, nami nilikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Kiswahili hakifai kufundishia sayansi. Msichana mmoja alisimama kuipinga, akasema vizuri mno, mpaka mpinzani wake alipomkatiza: "Hata hiyo chai unayokunywa asubuhi, jina lake si lenu. Lugha ya kuombaomba maneno itafundisha nini?" Watu wakacheka. Yule msichana, ambaye mama yake huchuma majani ya chai kule chini upande wa Kericho, akaketi asiseme neno. Kicheko cha watoto hakikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba mwalimu aliyekuwa mwamuzi alicheka pamoja nao, kisha akampa mpinzani ushindi.

Basi na tuihukumu kesi hii upya. Kwamba neno chai ni la kuazima nakiri bila kulazimishwa. Lakini ni nani asiyeazima?

Wachina, ambao kwao ndiko lilikotoka, huliandika kwa alama moja, 茶, yenye mistari tisa ya kalamu. Wafundishao lugha hiyo hupenda kusema kwamba juu ni majani, chini ni mti, na katikati ni mtu. Kwa hiyo chai ni mtu aliye kati ya majani na miti. Ni maelezo mazuri, na mkaaji wa Londiani, mwenye misitu huku na mashamba ya chai kule, angependa yawe kweli. Si kweli. Ni njia ya kuwasaidia wanafunzi kukumbuka, basi. Alama ya kale ilikuwa nyingine, 荼, na maana yake ilikuwa mboga chungu ya mwituni. Kwa kuwa chai nayo ni chungu, iliandikwa kwa alama ile ile, na msomaji hakuwa na budi kubahatisha ni mmea gani unaotajwa. Ndipo katika karne ya 8, zama za wafalme wa Tang, mstari mmoja ulipoondolewa, chai ikapata alama yake yenyewe. Na katika karne hiyo hiyo Lu Yu alitunga kitabu chake mashuhuri juu ya chai. Hata nyumbani kwake, basi, chai ilianza kwa kuvaa nguo ya mwenziwe.

Wajapani waliichukua alama hiyo pamoja na sauti yake. Huitamka cha, na katika maneno mengine sa. Rangi ambayo sisi twaiita kahawia, kwa kuifuata kahawa, wao huiita rangi ya chai; na jambo la kila siku lisilostaajabisha mtu huliita jambo la chai na wali. Wakorea husema cha, na pengine da. Wavietnam wana trà na chè, yote mawili ya shina moja. Lugha ya Kijapani imejaa maneno ya Kichina kama mtungi uliojaa maji, na kwa lugha hiyo hiyo Wajapani hufundisha tiba na uhandisi mpaka vyuo vikuu. Je, yupo awaambiaye kwamba wao ni ombaomba?

Na Kiingereza, alichokitetea yule mpinzani? Katika pwani ya Fujian watu hawasemi cha, husema te. Waholanzi walilibeba neno hilo mpaka Ulaya, nao Waingereza wakalipokea. Samuel Pepys, aliyeandika shajara yake London, alikunywa chai kwa mara ya kwanza mwaka 1660. Kabla ya hapo Waingereza walikwisha kusikia cha kwa Wareno, na baadaye askari wao wakarudi nalo tena kutoka India. Leo ukiingia katika mikahawa ya London utauziwa kinywaji cha maziwa na viungo kiitwacho chai. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni mara ngapi wamelipigia hodi neno hilo moja! Na hiyo sayansi iliyokuwa ikishindaniwa, jina lake walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwa Kilatini.

Neno letu sisi lilishika njia nyingine. Waajemi husema chai, vivyo hivyo Wahindi, Warusi na Waturuki. Kiarabu cha vitabuni husema shai. Wale wadhanio kwamba kila neno geni katika Kiswahili ni la Kiarabu wangefaa kuisikiliza vizuri sauti ile ya kwanza. Nalo lilikuwa likisemwa Pwani kabla mche wa kwanza haujapandwa Limuru mwaka 1903, na kabla ya mashamba makubwa ya Kericho kufunguliwa katika miaka ya 1920. Hatukupewa na mwenye shamba, ambaye kwa miaka mingi alimtaka Mwafrika achume chai lakini asipande yake.

Tena hatukuliweka kabatini kama sahani ya wageni. Mti wake tumeuita mchai. Nyasi zinukiazo vizuri, zitiwazo katika birika, tumeziita mchaichai. Kuuliza "Umekunywa chai?" ni kuuliza kama mtu amefungua kinywa, hata kama alikula viazi. Wakipsigis wamelitia kiishio chao, wakasema chaik. Mtu aliyepewa mbegu akalima, akapalilia na kuvuna, huitwaje ombaomba?

Atakaye kutuaibisha kwa neno hili na aache habari za kuazima. Na ataje ile chai idaiwayo barabarani na katika ofisi, isiyo na majani wala sukari. Hapo sitakuwa na la kujibu.

Mdahalo wa pili umepangwa muhula huu. Nimemchorea yule msichana alama zote mbili, ya mboga chungu na ya chai, bega kwa bega, nikamwonyesha mstari ulioondolewa. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mwamuzi atakuwa yule yule. Nikamwambia, ndiye.