Kabla ya kuipamba blogu yako

Jumapili hii nina neno na wewe unayejipambia blogu mwenyewe, hasa ikiwa ndiyo inayokulisha.

Tuseme wewe ni kijana wa Malindi, unatembeza wageni katika magofu ya Gedi, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Umekesha ukihariri mafaili ya mandhari, yaani lile vazi la blogu yako ya WordPress. Rangi umebadili, na nambari ya simu umeiweka juu ya kila ukurasa. Desemba, wageni wakiwa wamefurika Watamu, unaona tangazo la kusasisha mandhari. Unabonyeza. Rangi hakuna, nambari hakuna, na simu imenyamaza wakati ule ule ulioutegemea kwa karo ya Januari!

Hakuna mwizi aliyeingia. Mandhari inaposasishwa, folda ya zamani huondolewa, mpya ikawekwa mahali pake. Ulichoandika humo huenda nayo.

Dawa yake ni mandhari mtoto. Ni kama leso: gauni hulikati, unajifunga leso juu yake. Ikiwa blogu iko kwenye seva uliyolipia, ingia wp-content/themes, utengeneze folda mpya. Ndani yake weka faili la style.css, na juu kabisa, katika maelezo, andika mistari miwili: Theme Name: ukifuatisha jina ulipendalo, na Template: ukifuatisha jina la folda ya mzazi, herufi kwa herufi. Ukikosea hapo utaambiwa mzazi hayupo.

Sasa ile nambari ya simu. Kwa mandhari za mtindo wa zamani, nakili header.php ya mzazi uitie katika folda ya mtoto, kisha uhariri hiyo nakala. WordPress hutazama kwa mtoto kwanza. Lakini jihadhari na functions.php! Hilo usilinakili, kwani la mtoto na la mzazi husomwa yote mawili, na maagizo yenye jina moja yakigongana blogu huzima. Anza jipya, uandike yako tu, pamoja na agizo la kuita style.css yako ikiwa mzazi haiiti.

Kama shida yako ni rangi peke yake, usijisumbue na haya yote. Tangu mwishoni mwa 2016 WordPress ina mahali pa kuongezea CSS, na kusasisha hakuigusi. Ukihamia mandhari nyingine, hata hivyo, utaiandika tena.

Kabla ya kugusa chochote, weka nakala ya mafaili na ya hifadhidata, nje ya seva hiyo.

Na ukiwa katika mipangilio, chagua saa za Nairobi. Ukiiacha UTC, makala uliyoipangia saa kumi na mbili asubuhi itatoka saa tatu, mgeni wako akiwa ameshapanda gari la mwingine.