Mwewe si Adui Peke Yake

KUKU wa kienyeji ndiye mfugo wa kwanza kuingia katika kaya changa ya nyanda za juu za Kigoma, na mara nyingi ndiye wa mwisho kutoka. Huko Kasanda, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo mpaka Wilaya ya Kakonko ilipoundwa mwaka 2012, mama asiye na ng'ombe wala mbuzi huwa na matetea wawili au watatu wanaochakura nyuma ya jiko. Hali ni hiyo hiyo katika vijiji vya Kasulu. Kuku hao ndio daftari la mtoto, ndio chumvi na sabuni, ndio nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Hawamo katika hesabu za benki, na pengine ndiyo sababu watumishi wengi wa umma hupita kati yao kila siku bila kuwaona kuwa ni mali.

Mali hiyo inapotea kwa wingi wa kutisha. Tetea wa kienyeji hutaga mayai kumi na mawili hivi, kisha huyalalia kwa siku 21. Akitotoa vifaranga 10, na akifanya hivyo mara tatu kwa mwaka, kwa hesabu ya darasani kaya yake ingeongezewa kuku 30. Hesabu ya uwanjani ni nyingine. Baada ya miezi miwili ya kila uzao hubaki wawili, pengine watatu, na mwenye kuku akiulizwa walikokwenda wengine hunyosha kidole angani: mwewe.

Jibu hilo ni la kweli, lakini si kamili. Mwewe hulaumiwa kwa kuwa hufanya kazi yake mchana, hadharani, mbele ya mwenye nyumba. Huzunguka juu, hujitupa ghafla, na kabla jiwe halijaokotwa amekwisha pita juu ya mapaa na kifaranga kuchani. Nguchiro naye huja mchana, lakini kwa chini, akitokea vichakani na kuingia katika viota vya mayai. Usiku ni zamu ya kicheche, kanu na paka pori, ambao hupenya katika tundu ambalo mtu angedhani halipitishi hata panya. Na kicheche akishaingia haridhiki na kuku mmoja, huua kupita anavyoweza kula. Nyoka humeza mayai. Mvua zinapoanza siafu hutembea, na tetea anayelalia hakubali upesi kukiacha kiota chake. Juu ya hao wote upo ugonjwa wa mdondo, ambao huweza kufagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Kifaranga aliyelegea kwa maradhi ndiye rahisi kunyakuliwa, kisha lawama yote humwangukia ndege.

Sehemu ya hatari hii ilitengenezwa na binadamu, na yafaa isemwe bila kuona haya. Kabla ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, Waha wengi waliishi kwa kutawanyika, kila kaya karibu na migomba yake. Vifaranga walichakura chini ya majani mapana, na mwewe aliyetazama kutoka juu aliona majani tu. Kuhamia katika vijiji vya pamoja kulikusudiwa kuwasogezea wananchi shule, zahanati na maji, na hapana mwalimu atakayetamani kuwafuata wanafunzi wake mlima kwa mlima. Lakini nyumba zilipangwa kwa mistari, kiwanja kikafagiwa kikawa cheupe, na kuku akakosa mahali pa kukimbilia. Wengi wamekwisha panda tena migomba na miembe kandokando ya nyumba zao. Penye uwanja uliobaki mtupu kama sahani, kifaranga aliye juu ya sahani ataliwa.

Wapo waliochoka wakachagua njia ya mkato, yaani yai au kipande cha nyama kilichopakwa dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Njia hiyo haifai hata kidogo. Sumu haichagui. Hufa mbwa wa jirani, hufa tumbusi wanaosafisha mizoga, na mtoto anayeokota yai kichakani hajui kwamba liliwekewa kanu. Mwewe huyo huyo anayelaaniwa uwanjani hula pia panya wa mashambani. Bwana shamba anayesikia habari za mayai ya sumu akanyamaza ana sehemu yake katika lawama.

Dawa ya kweli ni ya kawaida mno, hata haivutii semina. Kwa wiki nne za kwanza vifaranga wakae na mama yao ndani ya tenga kubwa lililosukwa kwa matete au mianzi, lililofunikwa juu, likihamishwa kila siku kivulini penye majani mapya. Wapewe maji katika chombo kifupi, wapewe pumba, na mchwa, ambao watoto wa kijiji wanajua kuwapata kuliko bwana mifugo yeyote. Baada ya hapo mama atengwe nao, naye atarudi kutaga mapema kuliko kama angeachwa aendelee kulea. Usiku kuku wote walale katika banda lililoinuliwa juu ya nguzo, kiasi cha mita moja kutoka ardhini, sakafu yake ikiwa ni fito zilizoachana kidogo ili kinyesi kidondoke, na kila nguzo ikizungushiwa kipande cha debe ili kicheche na panya wateleze. Wakati wa siafu majivu yamwagwe chini. Na mlango ufungwe. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini banda zuri lililojengwa kwa mafunzo na fedha huweza kuachwa tupu na kicheche kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameufunga.

Ipo pia chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja katika jicho la kuku kila baada ya miezi mitatu. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo huwafaa walio mbali na majokofu. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, hivyo majirani hawana budi kukubaliana siku.

Mahali pasipo tenga, mtoto ndiye tenga. Msichana wa darasa la tatu huachwa uwanjani na rundo la mawe alinde vifaranga wakati mama yuko katika shamba la mihogo. Katika rejesta ya shule huandikwa hayupo, na kesho yake pengine huadhibiwa. Mwalimu ambaye hakuuliza alikuwa wapi hajui kwamba anashindana na mwewe.

Lakini yupo mla kuku mwingine, naye huja kwa gari au pikipiki, tena baada ya kutoa taarifa. Afisa akitembelea kijiji, ukarimu wa Waha, kama wa makabila mengi nchini, hutaka achinjiwe. Hachinjiwi kuku yeyote. Huchaguliwa jogoo mwenye kifua kipana na mapaja mazito, yaani yule yule aliyefaa kubaki awe baba wa uzao unaofuata. Pora dhaifu anayebaki ndiye anayepanda matetea wote, dada zake wakiwemo. Mwaka hadi mwaka kuku huzidi kuwa wadogo na mayai mengi zaidi hukosa kutotoka, kisha afisa huyo huyo huandika katika taarifa yake kwamba kuku wa kienyeji ni mbegu duni. Mbegu bora aliila yeye, akausifu na mchuzi wake. Mara nyingi hata mwenye kuku hakuulizwa, kwa kuwa aliyeamuru jogoo akamatwe ni mume, na aliyemlea ni mke. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea majivuno na uonevu wa viongozi. Haukutaja jogoo, lakini mwenye kuelewa ameelewa.

Mbegu yenyewe si duni. Wataalamu wamekwisha ainisha aina kadhaa za kuku wa kienyeji hapa nchini, miongoni mwao Kuchi mwenye umbo refu na zito, Ching'wekwe, na Singamagazi wa upande wa Tabora, jirani kabisa na Kigoma. Nchini Kenya mpango wa taifa wa kuendeleza kuku ulioanza mwaka 1976 uliwapa wakulima majogoo bora kwa kubadilishana na wao. Jambo hilo laweza kufanyika Kasanda bila kungoja kuku wa kigeni, ambao wengi wao wamesahau hata kulalia mayai yao. Kuleta majogoo weupe, wazito, wasiojua kukimbilia kichakani, kabla ya kusuka tenga na kuinua banda, ni kumpikia mwewe.

Shule za msingi zingefaa kuwa mahali pa kuanzia. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba na mifugo, na banda la matetea kumi na jogoo mmoja si mzigo mkubwa kwa shule, ilimradi ijulikane mapema nani atafunga mlango katika likizo ya Desemba. Jogoo huyo abadilishwe kila mwaka na wa shule ya mbali, na vijana wake wakopeshwe kaya ambazo zimekwisha kuwa na banda.

Halmashauri za vijiji nazo zaweza kuamua jambo moja katika kikao kimoja: kila jogoo wa mbegu afungwe utepe mguuni, na jogoo mwenye utepe asichinjwe kwa ajili ya mgeni yeyote, awe wa kata, wa wilaya au wa mkoa. Mgeni huyo akiandaliwa ugali wa muhogo kwa maharage na dagaa wa Ziwa Tanganyika, atakuwa amekirimiwa vya kutosha.